Maswali ya wasomaji: Kwa baiskeli kutoka Olot hadi baharini

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi njia mbili za baiskeli za Katalunya, kaskazini-mashariki mwa Hispania, zilizotengenezwa juu ya tuta la treni ndogo iliyoacha kazi mwaka 1969. Ya kwanza inatoka Olot, penye volkano zilizolala, hadi Girona, kilomita 54. Ya pili inatoka Girona hadi Sant Feliu de Guíxols, ufukweni mwa Mediterania, kilomita 39.7. Zote mbili ni za changarawe laini na mchanga ulioshindiliwa. Barua zimekuja nyingi. Yaliyofanana tumeyaunganisha, ya viza na nauli za ndege tumewaachia ubalozi na mawakala.

Shikamooni wahariri. Mliandika "bila gari". Ni kweli hakuna gari hata moja? Nataka kwenda na wanangu wawili, wa miaka 9 na 12.
*Mama wa wawili, Rotterdam*

Marahaba. Kwenye tuta lenyewe gari na pikipiki haziruhusiwi. Utakaowakuta ni mkulima anayeingia shambani kwake, gari la matengenezo mara moja moja, na wenyeji wanaotembeza mbwa. Lakini tuta linakatwa na barabara za lami, na mijini kuna vipande ambapo unapita mtaani au kwenye njia ya baiskeli iliyo ubavuni mwa barabara, hasa kati ya Salt na Girona, unapovuka Girona yenyewe, na unapokaribia Sant Feliu. Wafundishe watoto kanuni moja kabla hamjaondoka: ukiona lami mbele, simama, weka mguu chini, msubiri mkubwa.

Cha kuogopa kuliko gari ni nguzo. Kwenye makutano mengi wamechimbia nguzo fupi za mbao au chuma katikati ya njia ili gari lisiingie. Anayeongoza anaiona mapema. Wa pili, aliyemganda nyuma kwa nusu mita, anaiona pale wa kwanza anapoikwepa, na hapo ameshachelewa. Mkikaribia makutano acheni nafasi ya baiskeli tatu kati ya mtu na mtu, na wa mbele apige kelele "nguzo!" huku akionyesha kwa mkono upande wa kupita.

Kofia ngumu ni lazima kisheria kwa aliye chini ya miaka 16, popote pale. Mkubwa anatakiwa kuivaa kwenye barabara za nje ya mji. Vaeni wote, msibishane na mtoto barabarani.

Kwa mtoto wa miaka 9 msianze na Olot. Anzeni Llagostera, mteremke hadi baharini: ni kama kilomita 20, msitu mzuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya njia ya pili, na karibu hapana kupanda.

Nianzie upande gani? Ramani inaonyesha Olot iko juu, lakini sioni treni inayofika huko.
*Msomaji, Leeds*

Anzia Olot. Treni kweli haifiki. Ilikuwa ni hiyohiyo iliyofungwa. Kutoka Girona kuna basi. Baiskeli huingia kwenye buti ya chini kama kuna nafasi, na nafasi ni chache, kwa hiyo uliza kituoni siku moja kabla, tena uende na mfuko wa kuifunika cheni isichafue mizigo ya watu. Mkiwa wanne au zaidi, ulizeni maduka ya baiskeli ya Girona kuhusu gari la kukodi la kupakia baiskeli. Mkigawana haliumi sana.

Sasa kuhusu milima. Treni hii ilikuwa ya geji, yaani upana kati ya reli mbili, ya milimita 750. Hata reli ya mkoloni kule kwetu ilikuwa pana zaidi, mita moja kamili. Kichwa kilikuwa kidogo na nguvu zake ndogo, basi wahandisi wakalizungusha tuta kandokando ya vilima badala ya kuvipanda. Ndiyo maana hadi leo sehemu kubwa ya njia mwinuko wake hauzidi asilimia 2 au 3, na baiskeli yoyote yenye gia inauweza.

Olot iko kama mita 440 juu ya usawa wa bahari na Girona kama 70, lakini usidhani ni kuteremka tangu unapopanda baiskeli. Ukitoka Olot unapita Les Preses na Sant Esteve d'en Bas, bonde la mashamba ya mahindi na malisho, kisha unapanda hadi Coll d'en Bas, juu kidogo ya mita 600. Kinachowachosha watu hapa ni kwamba wamejiandaa kwa mteremko, wakaanza kwa kasi. Nenda taratibu hadi kilele, kisha vaa koti jepesi la upepo kabla ya kushuka, kwa sababu jasho likipigwa na hewa ya asubuhi ya Olot utatetemeka hata mwezi wa Mei. Kutoka kileleni hadi Les Planes d'Hostoles ndio mteremko mkali kuliko wote. Ukishapita Amer unaingia bonde la mto Ter, na kuanzia hapo ni tambarare: Anglès, Bonmatí, Bescanó, Salt.

Njia ya pili inapanda polepole kutoka Girona kupitia Quart, kijiji cha wafinyanzi, halafu Llambilles na Cassà de la Selva, mpaka Llagostera iliyo kama mita 160. Baada ya hapo ni kushuka kupitia Font Picant na Santa Cristina d'Aro hadi baharini.

Gawanya safari siku mbili, ulale Girona. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa siku ya kwanza ni saa nne za kupiga pedali, ya pili ni saa tatu kasoro. Siku ya pili usichelewe kitandani. Siku za joto upepo wa baharini huamka mchana, na kwa anayeelekea Sant Feliu huo ni wa mbisho. Ondoka saa mbili asubuhi, saa sita uwe umeshafika majini.

Baiskeli yangu ni ya lami, tairi milimita 28. Itafaa, au ninunue ya changarawe? Na upepo nijaze kiasi gani? Kila ninayemuuliza ananipa namba yake.
*Msomaji, Nairobi*

Usinunue baiskeli kwa ajili ya njia hii. Nunua tairi. Pima nafasi kati ya tairi na fremu: unahitaji angalau milimita 4 kila upande baada ya kufunga tairi jipya. Baiskeli nyingi za lami za miaka ya karibuni zenye breki za diski zinapokea 32, na 32 inatosha kwa tuta lote, mvua isipokuwa imenyesha jana yake. Tairi la 28 linapita, lakini utaisoma kila kokoto kwa viganja vya mikono. Linalofaa zaidi ni 38 hadi 42, lenye katikati laini na meno madogo pembeni. Tairi la meno makubwa la milimani ni mzigo wa bure hapa.

Udongo wa njia ya pili wenyeji wanauita *sauló*. Ni mwamba wa graniti uliooza ukawa mchanga mkubwa wa rangi ya dhahabu. Ukishindiliwa unakuwa mgumu karibu kama lami, na maji hupenya upesi, kwa hiyo hauleti matope kama udongo wetu mwekundu. Ubaya wake uko juu: punje zilizolegea hubaki zimetandaa, na kwenye kona zinakuwa kama ulezi uliomwagika sakafuni. Upepo ukizidi tairini, tairi linakuwa gumu, linapanda juu ya punje badala ya kuzikumbatia, na gurudumu la mbele linakimbia.

Hizi ndizo namba za kuanzia, kwa PSI na bar, vipimo viwili vya shinikizo la upepo. Chukua tairi la milimita 40 lisilo na tyubu, na uzito wa mwendeshaji, baiskeli na mizigo ukiwa kilo 85 kwa jumla: PSI 29 mbele na 32 nyuma, yaani bar 2.0 na 2.2. Kila kilo 10 zikiongezeka, ongeza PSI 3. Ukiwa na tyubu ndani ongeza PSI 5 juu ya hapo, la sivyo rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili sambamba, pancha ambayo mafundi wanaitambua kwa jicho. Kwa tairi la 32 lenye tyubu, anzia PSI 50 mbele na 55 nyuma. Halafu jaribu: panda, pita juu ya ukingo mdogo wa njia kwa mwendo wa kutembea. Ukisikia rimu ikigonga, ongeza 3. Usiposikia kitu na mikono inatetemeka kwenye changarawe, punguza 3. Mbele daima iwe pungufu kidogo kuliko nyuma, maana nyuma ndiko ulikokalia.

Kiwango cha juu kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na rimu nayo ina chake. Fuata kilicho kidogo. Rimu zisizo na ukingo wa kunasia tairi hazitakiwi kuzidi bar 5, na tairi lenyewe lazima liwe limeandikwa kuwa linafaa rimu ya namna hiyo.

Kwenye kona: punguza mwendo kabla ya kuingia, si ukiwa ndani. Mguu wa nje chini, uzito juu yake, breki ya mbele umeshaiachia.

Jambo la mwisho kuhusu upepo. Baiskeli hizi nyingi zina valvu nyembamba, ile unayolegeza kichwa chake kabla ya kujaza. Pampu za vituo vya mafuta vya Hispania ni za valvu ya gari. Beba kile kipande kidogo cha shaba cha kubadilishia. Kina uzito wa sarafu na bei yake ni ya soda.

Huku kwetu mbigiri ndio adui. Huko Ulaya wanayo?
*Fundi baiskeli, Dodoma*

Wanayo, fundi, na ni mmea uleule unaoujua, *Tribulus terrestris*. Unapenda udongo uliochimbuliwa na kandokando ya mashamba, na kuanzia mwisho wa kiangazi tunda lake hukauka na kupasuka vipande vitano, kila kipande kikiwa na miiba miwili mirefu na mingine midogo. Kikianguka vyovyote vile, mwiba mmoja unaangalia juu. Kwenye tuta lililoshindiliwa si wengi. Utaupata ukitoka pembeni kupumzika na kuilaza baiskeli majanini. Kwa hiyo pumzika ukiwa umeiegemeza njiani.

Kwa mbigiri, tairi lisilo na tyubu lenye dawa ya kuziba pancha linashinda kila kitu. Kwa tairi la 40 weka mililita 60 hadi 80. Dawa hii hukauka, na kwenye joto la Julai inakauka upesi, hivyo iangalie kila baada ya miezi miwili: fungua kiini cha valvu, ingiza waya mwembamba au kijiti, uone kama unatoka na majimaji. Ukitoka mkavu, ongeza mililita 40 kwa bomba la sindano kupitia hapohapo kwenye valvu. Kabla ya kufungua, geuza gurudumu valvu ikae kama mshale wa saa kumi, unaoelekea namba 4, ili dawa ya zamani isikumwagikie.

Ukichomwa njiani, usikimbilie kung'oa. Zungusha gurudumu mpaka mwiba ukae chini, ndipo uung'oe, dawa ikimbilie tundu. Zungusha tena, subiri dakika moja, ongeza upepo. Tundu la zaidi ya milimita 3 dawa haitaliweza. Hapo unasukumiza ndani uzi wa mpira wenye gundi, kama ule wa mafundi wa tairi za gari, na kukata mkia unaobaki nje. Ikishindikana, weka tyubu. Na hapa ndipo watu wanapolia mara mbili: kabla ya kuweka tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote na ung'oe kila mwiba uliokuwa umezibwa na dawa. Tairi lililotembea msimu mzima linaweza kuwa na kumi, na kila mmoja unaisubiri tyubu mpya.

Sisi huku joto tumelizoea. Naweza kwenda Agosti?
*Msomaji, Muscat*

Unaweza, lakini jiulize kwa nini. Agosti huko ni nyuzi 30 hadi 35 mchana, hiyo si kitu kwako, ila Muscat huendi kupiga pedali saa nne juani. Tena hoteli za pwani zinajaa, bei inapanda, na Sant Feliu hupati pa kuegesha hata baiskeli. Aprili hadi mwanzo wa Juni, au mwisho wa Septemba na Oktoba, ndio wakati. Vuli ina mvua za ghafla zinazochimba mifereji kwenye sauló, kwa hiyo siku mbili baada ya mvua kubwa shuka kwa adabu.

Ukilazimika Agosti, toka saa kumi na mbili unusu asubuhi. Kivuli kipo kati ya Llagostera na Santa Cristina, penye misonobari na mialoni. Kati ya Quart na Cassà ni mashamba wazi. Kunywa nusu lita hadi robo tatu kwa saa, usisubiri kiu, na kwa joto hilo maji matupu hayatoshi: pakiti ya chumvi za kuzuia kuishiwa maji, ileile ya zahanati, inafaa. Huna pakiti, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ukiona umeacha kutoka jasho, kichwa kinagonga na unajisikia baridi juani, siku imekwisha. Kaa kivulini, jimwagie maji shingoni na kwapani, piga 112.

Mabomba ya maji yapo vijijini na kwenye baadhi ya stesheni za zamani. Soma kibao. *Aigua potable* ni ya kunywa. *No potable* hapana. *No tractada* maana yake hayajatiwa dawa; nawia uso, usijaze chupa.

Assalaam aleikum. Tutakula nini njiani sisi tusiokula nguruwe?
*Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam. Uangalifu unahitajika, kwa kuwa mkate wa kujaza wa mgahawani, *entrepà*, mara nyingi huwa na *pernil*, *fuet*, *llonganissa* au *botifarra*, na zote hizo kwa kawaida ni nguruwe. Agiza wa *truita* (mayai), wa *formatge* (jibini) au wa *tonyina* (jodari), na useme *sense porc, si us plau* (bila nguruwe, tafadhali). Vyakula vya moto vinatoka saa saba hadi saa tisa na nusu mchana. Ukichelewa, jiko limefungwa mpaka usiku. Jumapili maduka mengi hayafunguliwi. Jumamosi nunua Salt: mji huo, ambao njia ya kwanza inaupitia kabla ya Girona, una jamii kubwa ya watu wa Moroko na Gambia, na bucha za halali hazikosekani.

Njia ya treni naona ni laini mno. Mimi nataka changarawe ya jasho. Kuna nini pembeni?
*Msomaji, Iten*

Kuna Les Gavarres, vilima vya misitu upande wa mashariki wa Girona, vinavyotazamana na tuta la njia ya pili tangu Quart hadi Llagostera. Kilele ni kama mita 530 tu, lakini usikidharau. Barabara za vumbi za msituni hazikuchorwa na wahandisi wa treni. Zilichongwa na waliokuwa wakishusha kuni na magome, na vipande vya asilimia 12 hadi 15 ni vya kawaida. Hapo gia ndiyo neno. Meno ya mbele yakilingana na ya nyuma, ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kama kilomita 8 kwa saa. Kwenye asilimia 12, mtu na baiskeli wa kilo 85, hiyo ni zaidi ya wati 220, nguvu ambayo mwanariadha anaitoa saa nzima na mtu wa kawaida dakika chache. Tafuta baiskeli ambayo gia ndogo ya mbele ina meno machache kuliko kubwa ya nyuma: 30 kwa 34, au 40 kwa 42. Baiskeli ya 42 kwa 36 itakufanya usukume, hata kama wewe ni wa Iten.

Miti utakayoiona imevuliwa nguo, shina jekundu-kahawia kutoka chini hadi kimo cha mtu na juu yake gome nene la kijivu, ni mialoni inayotoa vizibo vya chupa. Gome hubanduliwa kila baada ya miaka 9 hadi 14 na mti haufi. Treni yetu ndogo iliishi kwa biashara hiyo: Cassà na Llagostera zilitengeneza vizibo, Sant Feliu ikavisafirisha kwa meli. Usiegemeze baiskeli kwenye mti uliobanduliwa karibuni. Ngozi hiyo mpya ikichubuka, gome linalofuata linaharibika.

Mambo matatu ya kujua kabla hujapanda. Kwanza, mnyororo uliokatiza njia maana yake gari lisiingie, na mara nyingi mtu kwa miguu na baiskeli anapita. Lakini mnyororo hauonekani vizuri kwenye vivuli, na anayeshuka kwa kasi ameupiga kwa kifua. Pili, wikendi za vuli na baridi kuna msako wa nguruwe pori. Ukiona kibao chenye neno *batuda* mwanzoni mwa njia, geuza. Risasi haisomi namba ya mashindano. Tatu, moto. Kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Oktoba ni marufuku kuwasha moto wowote bila kibali msituni au ndani ya mita 500 kutoka msitu, hata jiko dogo la chai. Serikali ya Katalunya ina mpango unaoitwa Alfa wenye viwango vya hatari kutoka 0 hadi 4, hutangazwa kila siku. Vikifika 3 au 4 baadhi ya misitu hufungwa, hata kwa waendao kwa miguu. Siku hiyo rudi kwenye tuta la treni, si aibu.

Nikirudi kutoka matembezi ya vumbi cheni inalia kama tiara ya bati. Napaka mafuta mengi lakini baada ya siku mbili ni yaleyale.
*Msomaji, Kigali*

Mafuta mengi ndiyo tatizo. Mchanga wa graniti una chembe ngumu, na mafuta mabichi juu ya cheni yanazikusanya mpaka unakuwa na msasa unaozunguka. Futa cheni kwa kitambaa kikavu ukipiga pedali kinyume, mara ishirini hivi, mpaka kitambaa kisitoke cheusi. Tone moja kwenye kila kiungo, upande wa ndani tu. Acha robo saa. Kisha futa tena nje yote kwa nguvu. Mafuta ya kazi yako ndani ya pini, ya nje ni chambo cha vumbi. Kwa kiangazi cha Mediterania tumia ya nta, inakauka na haishiki vumbi. Mvua ikiisafisha unapaka upya jioni.

Pima urefu wa cheni kwa kipimo cha mafundi. Kwa gia za nyuma 11 au 12, ikiwa imerefuka asilimia 0.5 badilisha. Ukingoja zaidi, itakula meno ya kaseti, lile fungu la gia za nyuma, na kaseti inagharimu mara kadhaa ya cheni.

Nasafiri na baiskeli yangu kwa ndege kutoka Kilimanjaro. Naipakiaje isifike imevunjika?
*Msomaji, Arusha*

Kama unakwenda siku mbili tu, kodi Girona. Duka litakuuliza urefu wako, urefu wa kiti na aina ya pedali. Epuka mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, maana mashindano ya The Traka yanaujaza mji na baiskeli za kukodi zinaisha mapema.

Ukiamua kubeba, omba boksi tupu duka la baiskeli. Pedali zitoke kwanza, kwa spana ya 15 au alenki ya 8. Ya kushoto inafunguka kinyume na nyingine, kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa. Watu wameharibu mikono ya pedali kwa kulisahau hilo. Direla, yaani mkono wa nyuma unaohamisha cheni, ifungue kwa alenki ya 5, iviringishe kwenye kitambaa na uifunge ndani ya fremu. Kinachopinda safarini mara nyingi ni kishikio chake, kwa hiyo nunua cha akiba cha fremu yako hasa, sio cha jirani. Baada ya kutoa magurudumu yenye breki za mafuta, weka kadibodi iliyokunjwa kati ya pedi. Mtu akibinya breki bila kitu katikati, pedi zinafungana, na utazipanua kwa bisibisi bapa chumba cha hoteli. Weka alama ya kalamu urefu wa kiti kabla ya kukishusha.

Tairi punguza upepo, usitoe wote: tairi lisilo na tyubu likiachia rimu utahitaji pampu kubwa kulirudisha. Taa na betri za kuchajia simu ziingie nawe ndani ya ndege. Vile vichupa vya gesi vya kujazia tairi, mashirika mengi yanavikataa. Beba pampu ya mkono.

Nikishafika Sant Feliu, narudije?
*Msomaji, Lyon*

Kwa kupiga pedali, ndiyo njia bora. Ni kilomita 39.7 zilezile, na kupanda kutoka baharini hadi Llagostera ni kama mita 160 katika kilomita 20, haifiki asilimia moja kwa wastani. Jioni upepo wa baharini unakusukuma mgongoni.

Barabara ya pwani kutoka Sant Feliu kuelekea Tossa de Mar ni nzuri kwa macho, lakini ni lami yenye kona na magari, hasa kiangazi. Si ya swali letu. Ukichoka ukiwa Llagostera, stesheni ya Caldes de Malavella iko chini ya kilomita 10, kwa barabara ndogo zenye magari machache. Hapo panasimama treni za R11, zinazounganisha Barcelona, Girona, Figueres na mpaka wa Ufaransa. Baiskeli unaingia nayo ilivyo, lakini nafasi ni chache na saa za watu kutoka kazini unaweza kuachwa. Treni ya mwendo kasi ya Girona–Barcelona inachukua kama dakika 40, ila humo baiskeli inaingia ikiwa imefunguliwa na kufungwa kwenye mfuko. Wewe wa Lyon, panda R11 hadi Figueres au mpakani Portbou, uulize huko treni za upande wa Ufaransa zinazopokea baiskeli, na tiketi ya baiskeli uikate pamoja na yako.